Rilei Iliyomshitaki Mlinzi

Kila rilei ina kitufe cha bluu, na kila kiwanda kina mtu ambaye kidole chake kiliumbwa kwa ajili ya kitufe hicho. Rilei ni kisanduku kidogo kinachokaa ndani ya paneli kulinda mota. Umeme ukienda mrama, kinaukata kabla mota haijaungua, halafu kinaandika kwenye kioo chake namba ya hitilafu, ili fundi akija ajue kilichotokea. Fundi anakuja, anakuta kioo kimesafishwa. "Ilizima, nikaibonyeza, ikawaka," anasema mwenye kidole, na anabaki amesimama pale akisubiri pongezi. Miaka yote niliyozunguka viwanda vya Njombe na Makambako, vya chai, vya mbao, vya nguzo na siku hizi vya maparachichi, sijampongeza hata mmoja. Hasira zangu ziko karibu, nakiri, lakini kwa watu hawa ziko karibu kwa haki.

Ndiyo maana nilizipenda sana rilei mpya zilipoingia. Hizi zina kumbukumbu. Hata ukiibonyeza mara mia, inahifadhi ndani orodha ya kila ilipokata: namba ya hitilafu, siku, saa na dakika. Nilizisifia kwa kila meneja aliyekubali kunisikiliza. Nilikuwa na msemo wangu kabisa: binadamu anasahau, anaona haya, anaogopa, rilei haina hayo. Nilikuwa nausema taratibu, nikimwangalia mtu usoni, na wengine waliuandika.

Msimu mmoja wa parachichi nikaitwa Makambako, kwenye ghala la kufungashia matunda. Ghala hilo lina chumba cha baridi, na baridi inatengenezwa na kompresa iliyomo kwenye kibanda cha nyuma. Kompresa ilikuwa inakatwa na rilei yake karibu kila siku. Matunda yalianza kulainika kabla ya kusafiri, na mnunuzi alianza kuuliza maswali. Meneja wa ghala, mtu mwembamba anayeongea akiwa anatembea, aliniambia kwa simu, "Fundi, njoo na ile mashine yako isiyosahau."

Nikaenda, nikafungua paneli, nikaisoma kumbukumbu. Hitilafu ilikuwa moja tu, ikijirudia: fezi hazilingani. Umeme wa kiwanda unakuja kwa nyaya tatu, na kila waya ni fezi. Ukiutwisha waya mmoja mzigo mkubwa na kuziacha mbili zikipumzika, mota inaumia, na rilei inakata. Saa nazo zilifanana ajabu: 04:12, 04:09, 04:14, 04:11. Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili hakuna kitu.

Mimi ni msomi wa vyeti, kwa hiyo nilifanya hesabu ya kisomi. 04:12 ya kwenye mashine ni saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri. Alfajiri hiyo ghalani kuna mtu mmoja tu: mlinzi. Na mlinzi huyo, kwa amri ya meneja, alikuwa na daftari. Kila baada ya saa moja alitakiwa kwenda kwenye kile kibanda, kuangalia taa ya paneli, na kuandika kama ni ya kijani au nyekundu. Kijani maana yake mtambo uko salama, hata kama kompresa yenyewe imepumzika baada ya chumba kupoa. Nyekundu maana yake rilei imekata.

Nikaliomba daftari. Mwandiko wake ulikuwa wa kusimama wima, wa watu waliofundishwa kuandika kwa fimbo. Saa tisa, kijani. Saa kumi, kijani. Saa kumi na moja, kijani. Saa kumi na mbili, kijani, namshukuru Mungu. Kurasa kwa kurasa, bila nyekundu hata moja.

Nikamwonyesha meneja, huku na daftari, huku na orodha ya rilei.

Kulikuwa na mwendeshaji mitambo wa zamu ya mchana, na huyu naye alitoa ushahidi. Kila siku, alisema, akienda kwenye kile kibanda saa tano asubuhi, anakuta taa nyekundu na chumba kimeanza kupata joto. Anabonyeza kile kitufe. Nilimuuliza kwa nini haendi anapoingia kazini saa moja. Alijibu kwamba akiingia anasoma daftari la mlinzi, anakuta kijani, anasaini chini yake. Yaani alikuwa anaangalia daftari, si taa. Siku nyingine ningemfokea mpaka asahau jina lake, lakini siku hiyo nilikuwa na kesi kubwa zaidi.

Nikaandika ripoti. Bado ninayo, na siwezi kuisoma nikiwa nimeketi. Niliandika kwamba alfajiri, kutokana na baridi ya Makambako, mlinzi huchomeka hita kwenye kibanda chake cha getini, hita hiyo huielemea fezi moja, rilei hukata, na yeye huficha hita na kuandika uongo daftarini. Hita haikuonekana tulipokagua. Tulikuta soketi moja, chaja ya simu, na jiko la mkaa. Nikaandika, "Hita haijapatikana hadi sasa." Kuhusu Jumapili nilijiona mwerevu kupita kiasi. Kwa kuwa mlinzi ni mzee wa kanisa, niliandika, inawezekana siku hiyo anajizuia.

Akasimamishwa kazi wiki mbili, akisubiri kikao. Mlinzi mwingine akawekwa. Rilei ikaendelea kukata kwa saa zile zile. Hilo nililisikia, na unajua nilisema nini? Nilisema na huyu mpya ana hita.

Siku ya kikao nilitoka Njombe asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye miti. Nje ya ofisi ya meneja, kwenye benchi, alikuwa amekaa mama mmoja mwenye kitenge na sweta, mikono ameipakata.

"Kamwene, mama," nikamsalimu.

"Kamwene." Akaniangalia mkoba wa vifaa. "Wewe ndiye fundi wa ile mashine inayosema mume wangu ni mwongo?"

Nikasema mashine haimsemi mtu, mama, inasema saa tu.

"Kanisani wamempumzisha uzee wake," alisema. "Alikuwa anahesabu sadaka. Sasa hahesabu. Wanasema mtu anayeandika uongo kazini, sadaka ataandikaje." Hakuinua sauti. Alisogea kidogo kwenye benchi, kunipisha niingie.

Nilijisikia vibaya. Lakini nikajiambia ukweli unauma, nikaingia na ripoti yangu.

Ndani alikuwapo meneja, safari hii ameketi, na barua ya kuachishwa kazi ilikuwa tayari mezani, imechapwa, imebakiza saini. Mwendeshaji mitambo alikuwa ameketi pembeni akikagua kucha zake. Mlinzi alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, amevaa koti la suti juu ya sweta mbili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa heshima zote, jambo ambalo lilinikera zaidi kuliko kama angenitukana.

Nikasoma ripoti yote. Nilipofika kwenye Jumapili, meneja aliguna kwa kuridhika. Nikamalizia na msemo wangu, ule wa binadamu anasahau.

Meneja akamgeukia mlinzi. "Mzee, una la kusema?"

"Nina swali kwa huyu mwanangu fundi," alisema. "Hiyo rilei inaijua saa?"

"Mpaka sekunde, mzee."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

Nikatazama simu. "Saa tatu na dakika ishirini na sita."

"Na yenyewe inasemaje?"

Nilikuwa nimeisoma orodha ile mara tatu, nimeipiga picha, nimeichapisha, nimeibandika kwenye ripoti. Saa ya sasa ya rilei yenyewe sikuwahi kuitazama. Ni kama kumpima mtu joto bila kuangalia kama kipimajoto ni kizima.

"Twende tukaone," meneja alisema, akafurahi kupata sababu ya kutembea.

Tukaenda wote wanne, na yule mama akatufuata bila kualikwa. Nikafungua paneli, nikaita ukurasa wa saa. Kioo kikaonyesha 03:28.

"Si ndiyo hiyo?" alisema meneja. "Saa tatu na dakika ishirini na nane. Iko sawa kabisa."

Na mimi, nasema kweli, kwa muda wa pumzi moja nilimkubalia. Nikatikisa kichwa. Saa tatu na dakika ishirini na nane, iko sawa. Mwendeshaji mitambo naye akatazama saa yake ya mkononi akasema iko sawa.

Mlinzi akakohoa kidogo. "Sasa wanangu, kama saa tatu yake ni hii tuliyosimama ndani yake na jua lote hili, saa nne yake itakuwa lini?"

Jasho likanitoka, Makambako, mwezi wa baridi. Mashine za viwandani zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa tatu asubuhi kwenye kioo ilitakiwa isomeke 09:28. Hii ilikuwa imewekwa kwa hesabu yetu, ya kuanzia jua linapochomoza. Haikuwa inakata saa kumi alfajiri. Ilikuwa inakata saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mchana kweupe, sisi sote tukiwa macho. Mfagizi angeisoma ile 04:12 na kusema saa nne, na angepata. Ilihitajika elimu yangu yote kuigeuza kuwa alfajiri.

"Nani aliiweka saa hii?" meneja aliuliza.

Nikasema pengine ni watu wa kiwandani ilikotengenezwa. Nilisema hivyo nikiwa na macho makavu. Lakini ndani ya mlango wa paneli kuna karatasi inayobandikwa siku mtambo unapowashwa mara ya kwanza, na fundi aliyeuwasha anasaini. Mlango ulikuwa wazi. Saini ilikuwa yangu, na mkia wake mrefu ambao huwa najivunia.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Nilikuwa nimemaliza kila kitu, njaa imenikamata, imebaki saa tu. Simu ilikuwa imeishiwa chaji. Nje ya dirisha fundi mwashi alikuwa anapiga lipu. Nikamuuliza saa ngapi, akasema saa nane kasoro dakika tano. Nikaandika 07:55, nikafunga mlango, nikaenda kula wali na maharage. Rilei ilipokea bila kunung'unika. Kumbe ile mashine isiyosahau ilikuwa imetunza uzembe wangu salama, sekunde kwa sekunde, misimu mitatu mizima.

"Ni mimi," nikasema.

Meneja alitazama saa. "Tusubiri hapo saa nne," alisema.

Tukasubiri, watu watano mbele ya kisanduku kimoja. Saa nne kamili ikagongwa kengele ya chai, ambayo pale ghalani ni kipande cha reli kilichoning'inizwa. Akina mama wanaochagua na kupanga matunda wakaziacha meza zao wakaingia kantini. Dakika zikapita. Nilianza kuomba kimya kimya isikate, halafu nikaomba ikate, halafu nikaacha kuomba kwa sababu sikujua tena niko upande gani.

Ikakata. Mlio wa kompresa ukakatika, taa nyekundu ikawaka, kioo kikaandika fezi hazilingani, 04:11. Mlinzi akatoa mfukoni daftari lake, maana hata siku ya kuachishwa kazi alikuja nalo, akalamba kalamu na kuandika: saa nne na dakika kumi na moja, nyekundu. Ndiyo nyekundu ya kwanza aliyowahi kuiona.

Meneja akaenda kantini kwa mwendo wa hasira, sisi nyuma yake. Tulikuta hita tatu kubwa zimewaka, zimepangwa kwenye ukuta mmoja. Mbele yake akina mama walikuwa wameketi na vikombe vya chai, na juu ya viti wameanika glavu zao zilizolowana. Kushika matunda yanayotoka kwenye chumba cha baridi, Makambako, mwezi wa sita, si mchezo. Ukuta mmoja, soketi zote fezi moja. Nadharia yangu ya hita ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa mahali, muda na mtu.

"Hizi hita mmezitoa wapi?" meneja aliuliza.

Akina mama wakatazamana. Mmoja, mnene mwenye kofia ya sufu, akajibu kwa upole, "Si ulituletea wewe, bosi? Ulisema ni zawadi ya kuanza msimu. Tulikupigia na vigelegele."

Meneja alipiga hatua mbili, akarudi. Akaniambia nizitoe. Akina mama wakasema zikitoka hita, na wao wanatoka. Hapo angalau nilijua la kufanya: nikazigawa, kila hita na fezi yake, na kabla ya saa saba zote tatu zilikuwa zinawaka na kompresa inanguruma bila wasiwasi. Nikairekebisha na saa. Niliitazama simu mara nne kabla ya kubonyeza.

Tuliporudi ofisini meneja aliichana barua ile vipande vinne. Akamwambia mlinzi arudi kazini siku hiyo hiyo, akampa mkono, akasema yaishe. Mwendeshaji mitambo akasema kwa haraka kwamba na yeye anaona yaishe. Mimi nikaomba radhi, nikainama hata, nikasema nitaandika ripoti mpya.

"Ripoti nimesamehe," mlinzi alisema. "Lakini kanisani hawasomi ripoti za rilei. Waliambiwa kwa mdomo kwamba nimeandika uongo. Nitaomba, mwanangu, Jumapili uje uwaambie kwa mdomo."

Mimi ni Mkatoliki wa Mawengi. Sijazoea kusimama mbele ya watu kanisani hata kwetu, sembuse kwa Walutheri. Nilijaribu kusema Jumapili nina kazi. Yule mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama tu. Nikasema nitakuja.

Jumapili nikavaa shati jeupe, nikakaa benchi la tatu. Ibada ikaenda, kwaya zikaimba, mahubiri yakaisha, yakafika matangazo. Zikasomwa ndoa mbili. Likatangazwa jambo la mnada wa mazao nje baada ya ibada, na kwamba safari hii kuna jogoo mkali, watoto wasimkaribie. Halafu mchungaji akasema kuna fundi wa umeme ana neno.

Nikasimama. Kanisa lilikuwa limejaa. Mlinzi alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, si kwenye viti vya wazee. Nilikuwa nimejiandaa vizuri mno, na hilo ndilo lililoniponza. Nikaanza na rilei ni nini. Nikaenda kwenye fezi tatu, nikaonyesha kwa vidole. Nikaeleza mashine za viwandani zinavyohesabu saa, tofauti ya saa sita, na kwamba kulikuwa na dosari ya kiufundi katika mpangilio wa muda. Nilisema "dosari ya kiufundi" mara tatu. Watu walinisikiliza kwa adabu kubwa, ile adabu anayopewa mgeni anayehubiri kwa lugha ya kwao. Mtoto mmoja akaanza kulia akatolewa nje, na nilimwonea wivu. Nikamaliza, nikashukuru, nikawa naketi.

Yule mama akainuka kwenye safu ya kwaya, joho lake limemkaa wima. Watu wakageuka.

"Fundi, mimi sikusoma," alisema. "Nijibu moja tu. Mume wangu aliandika ameona taa ya kijani. Aliiona au hakuiona?"

Maneno yangu yote ya kitaalamu yakanikimbia.

"Aliiona, mama," nikasema. "Mwongo nilikuwa mimi."

"Kila saa aliyoandika?"

"Kila saa."

Akatazama nyuma, kule mlangoni, akampungia mumewe mkono aje mbele.